Hukumu Ipo, Jibu Halipo

Alfajiri ya Desemba 27, 1985, wafanyakazi wa kituo cha utafiti cha Karisoke, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano nchini Rwanda, walimkuta mkuu wao ameuawa chumbani mwake kwa panga. Dian Fossey, Mmarekani wa miaka 53, alikuwa ameishi katika msitu ule tangu Septemba 1967 akiwachunguza na kuwalinda sokwe wakubwa wa milimani, wale waitwao gorila. Kabla mwaka mmoja haujatimia tangu kifo chake, mahakama ya Rwanda ilikwisha kutoa hukumu: Desemba 1986 mtafiti mwenzake, Wayne McGuire, alihukumiwa kufa kwa kupigwa risasi, hali yeye hayupo mahakamani wala hayupo Rwanda. Kwa majalada ya serikali, kesi ilikwisha siku hiyo. Kwa yeyote anayejua namna ushahidi wa jinai unavyopimwa, kesi hiyo haijaanza. Miaka 40 imepita na hakuna mtu anayeweza kusema, kwa hoja inayosimama bila mkongojo, ni nani aliyeingia chumbani humo usiku ule. Wengi husema siri hiyo imedumu kwa sababu ya msitu, ukungu na umbali. Ukiufuata ushahidi wenyewe utaona sababu nyingine: tangu mwanzo uchunguzi uliuliza nani alimchukia marehemu, badala ya kuuliza chumba kinasema nini. Swali la kwanza lina majibu mengi na halina mwisho. La pili lilikuwa na jibu, ila halikutunzwa.

Msomaji wa Kasulu, Kibondo au Kakonko hana haja ya kuiona habari hii kuwa ya mbali. Fossey alipelekwa kwa gorila na Louis Leakey, mtaalamu yuleyule aliyemleta Jane Goodall Gombe, katika mkoa wetu wa Kigoma, mwaka 1960. Kabla ya Rwanda, Fossey alianzia Kabara, upande wa Kongo, akaondolewa huko Julai 1967 kwa sababu ya vita vya Kivu. Gombe nayo ilionja hatari ya namna hiyo Mei 1975, pale watu wenye silaha walipovuka ziwa kutoka Kongo na kuwateka watafiti wanne. Na leo, mashariki mwa nyanda zetu za juu, liko Pori la Akiba la Moyowosi pamoja na bonde la Malagarasi, ardhioevu kubwa iliyoingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2000. Huko wapo askari wa wanyamapori, wabeba mizigo, wapishi wa kambi, wapagazi wa watafiti na vibarua wa kufyeka njia. Wote hufanya kazi mahali ambapo polisi wa karibu ni safari, shahidi wa karibu ni mfanyakazi mwenzao, na kila mtu anajua nani ana ugomvi na nani. Mazingira ya Karisoke yalikuwa hayohayo.

Tuanze basi pale ambapo wapelelezi walipaswa kuanzia. Kwa maelezo yaliyotolewa hadharani, mwili ulikutwa karibu na vitanda, kiasi cha mita mbili kutoka kwenye tundu lililokatwa katika ukuta wa bati. Vioo vilikuwa vimevunjika, samani zimepinduliwa. Kando yake sakafuni ilikuwapo bastola na risasi. Jeraha kubwa lilikatiza uso kimshazari. Pasipoti yake, silaha zake, pamoja na maelfu ya dola taslimu na hundi za wasafiri, vyote vilikuwa palepale. Mambo haya ni machache, lakini yanabeba mengi. Fedha zilizoachwa zinapunguza sana uwezekano wa wizi wa kawaida. Bastola iliyokuwa karibu inaonyesha kwamba huenda marehemu alipata nafasi, japo ya sekunde chache, ya kujaribu kujihami. Tundu ukutani lina maswali ya kwake: bati lilikatwa kutoka nje au kutoka ndani? Lilikatwa kabla ya mauaji au baada yake, ili kupotosha? Aliyelikata alijua kwamba hapo ndani hapakuwa na kabati wala meza ya kumzuia? Kingo za bati hupinda kuelekea upande unaosukumwa, na mikwaruzo yake huonyesha chombo kilichotumika. Fundi bati yeyote wa sokoni Kasulu angeweza kusoma nusu ya majibu hayo. Yalihitaji mtu wa kuyaandika, kuyapiga picha na kulihifadhi bati lenyewe kama kielelezo.

Uchunguzi haukukaa hapo. Ulihamia kwenye orodha ya maadui, na orodha hiyo ilikuwa ndefu kweli. Fossey hakuwa mtu wa kupatana. Baada ya gorila aliyempenda sana, Digit, kuuawa na majangili Desemba 31, 1977, alianzisha mfuko wa fedha kwa jina la mnyama huyo na kuzidisha doria zake mwenyewe za kung'oa mitego. Aliwakamata majangili, akawachapa kwa majani yanayowasha, akachoma mali zao. Aliwafukuza wafugaji na ng'ombe wao hifadhini. Tena hifadhi ilikuwa imebaki ndogo, kilomita za mraba 160 hivi, baada ya sehemu kubwa kumegwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa mashamba ya pareto, na wananchi waliokuwa na njaa ya ardhi walikuwa wamefika hadi mpakani. Aidha alipinga mradi wa utalii wa gorila uliobuniwa mwaka 1979, akagombana na mashirika ya uhifadhi yaliyoufadhili na maofisa walioona ndani yake fedha za kigeni kwa nchi maskini. Akagombana pia na baadhi ya wanafunzi na watafiti waliopita mikononi mwake. Mpelelezi aliyeanza kwa kuuliza nani alikuwa na sababu ya kumuua alijikuta na nusu ya mkoa wa Ruhengeri mbele yake. Wakati bati lile likipata kutu, kila mtu alikuwa na nadharia.

Nadharia ya kwanza, na ndiyo maarufu zaidi hasa baada ya filamu ya mwaka 1988 kuisambaza sura ya Fossey duniani, ni ya majangili. Sababu wanayo, na panga ni chombo chao. Lakini tuiweke nadharia hiyo mbele ya chumba. Jangili aliyetaka kumuua Fossey alikuwa na miaka 18 ya nafasi msituni, ambako mwanamke huyo alitembea kila siku na ambako kifo kingeweza kuonekana kama ajali ya nyati au kuporomoka kwenye korongo. Kwa nini aende mpaka ndani ya kambi yenye wafanyakazi, akate ukuta karibu na kitanda cha mtu mwenye bastola, kisha aache fedha ambazo zingemlisha miaka mingi? Hoja hii ilitolewa tangu mwanzo na waandishi waliofuatilia kesi, akiwemo Mkanada Farley Mowat katika wasifu aliouchapisha mwaka 1987. Haithibitishi kwamba majangili hawakuhusika, kwa sababu kisasi hakifuati hesabu za faida. Lakini inatosha kuonyesha kwamba ugomvi uliopo hautoshi kuwa ushahidi wa kitendo kilichofanyika.

Nadharia ya pili ndiyo iliyoshinda mahakamani: kwamba McGuire, Mmarekani aliyefika Karisoke miezi michache tu kabla, alimuua ili apate maandishi ya kitabu ambacho Fossey alikuwa akikiandaa baada ya kile cha mwaka 1983 kilichompatia umaarufu. Hapa tena chumba kinadai majibu. Mtu aliyekuwa akiishi kambini, anayeingia kwa mkuu wake mchana kwa mlango, alikuwa na haja gani ya kukata ukuta? Mwendesha mashtaka angeweza kujibu kwamba alikata ili kuwapotosha wapelelezi, na jibu hilo si la kipuuzi. Lakini ndipo tunaporudi kwenye bati: kama lilikatwa kutoka ndani, jibu hilo lina nguvu, kama lilikatwa kutoka nje, gizani, kelele zake zikitangulia mapambano, jibu hilo linayeyuka. Jambo moja lililoweza kupimwa kwa macho lingeuamua ubishi ambao mpaka leo unaendeshwa kwa kudhani.

Nadharia ya tatu ni ya wakubwa. Katika miaka iliyofuata, vitabu na magazeti vimelitaja mara nyingi jina la Protais Zigiranyirazo, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Ruhengeri wakati huo na shemeji wa Rais Juvénal Habyarimana. Hoja yao ni kwamba Fossey alikuwa akijua habari za magendo na biashara ya wanyama, au alisimama mbele ya maslahi ya utalii. Watanzania wengi wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine: mtu huyo alishtakiwa Arusha katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, akahukumiwa kifungo cha miaka 20 Desemba 2008, kisha Novemba 2009 mahakama ya rufani ikamfutia hatia. Kwa mauaji ya Fossey hakuwahi kushtakiwa popote, na mahakama ya Arusha isingeweza kuyagusa kwa kuwa mamlaka yake yalikomea kwenye makosa ya mwaka 1994. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo ina faida kwa mwandishi wa habari anayetafuta pa kuanzia. Kwa hakimu ni sumu. Tuhuma dhidi ya mkubwa bila kielelezo haina uzito kuliko tuhuma dhidi ya jangili bila kielelezo, hata kama inaridhisha zaidi hasira zetu dhidi ya utawala uliokuja kuangamia kwa aibu.

Nadharia zote tatu, basi, zinaanza na chuki na zinaishia kwenye jina, bila kupita chumbani. Kitu kimoja kilichotoka chumbani na kutajwa sana ni nywele zilizosemwa kukutwa mkononi mwa marehemu, zikapelekwa Ufaransa kupimwa, na upande wa mashtaka ukazihusisha na McGuire. Mwenyewe alikana. Inafaa kueleza kipimo cha nywele cha miaka hiyo kilikuwa na uwezo gani. Mtaalamu aliweka nywele mbili chini ya hadubini na kulinganisha rangi, unene, umbo la kiini na magamba ya nje. Njia hiyo inaweza kumwondoa mtu kwenye orodha, kwa mfano nywele nyeusi zilizosokotana haziwezi kuwa za mtu mwenye nywele za kimanjano zilizonyooka. Haiwezi kumtambulisha mtu mmoja kati ya wengi. Mwaka 2015 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilikiri kwamba katika angalau asilimia 90 ya kumbukumbu za kesi zilizopitiwa upya, wataalamu wake walikuwa wametoa kauli zenye makosa kuhusu nywele, na baadhi ya walioshtakiwa katika kesi hizo walihukumiwa kifo. Sasa fikiria kambi ya Karisoke. Marehemu ni Mzungu, mshtakiwa ni Mzungu, na mshtakiwa ndiye aliyeitwa na wafanyakazi asubuhi na kuinama juu ya mwili kuona kama bado una uhai. Hata unywele wake ungethibitishwa kuwa wake kweli, ungeeleza nini zaidi ya kwamba alikuwapo, jambo ambalo hakulikana? Edmond Locard, Mfaransa aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, ndiye chimbuko la kanuni kwamba kila mgusano huacha alama. Kanuni hiyo ina upande wa pili unaosahaulika: aliyegusa asubuhi kwa nia njema naye huacha alama, na asipoandikwa wakati alipogusa, alama yake hugeuka kuwa shtaka.

Yote haya yangeweza kuulizwa mahakamani kama angekuwapo wa kuyauliza. Asiyekuwapo na lake halipo, nasi tunaitumia methali hiyo kwenye mgawo wa nyama na kwenye vikao vya ukoo. Katika kesi ya mauaji matokeo yake ni mazito kuliko mgao wa nyama. Shahidi hakuhojiwa na upande wa pili, mtaalamu hakubanwa aeleze mipaka ya kipimo chake, na shauri lilikwisha kwa muda mfupi mno kulingana na uzito wa adhabu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao Rwanda ilikuwa imejiunga nao tangu 1975, unampa mshtakiwa haki ya kuhukumiwa akiwapo. Kamati inayosimamia mkataba huo ilikwisha kulitolea maamuzi suala hilo Machi 1983, katika shauri la Daniel Monguya Mbenge, gavana wa zamani wa Shaba aliyehukumiwa kifo Zaire akiwa uhamishoni Ubelgiji. Kamati haikukataza kabisa kesi za namna hiyo. Ilisema serikali lazima ionyeshe kwamba ilifanya juhudi za kutosha kumwita mshtakiwa na kumjulisha shauri lake, na Zaire haikuonyesha hivyo. Kwa Tanzania, mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, au hakimu aliyeongezewa mamlaka, na mshtakiwa husomewa shtaka na kulijibu kwa kinywa chake. Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa mzigo. Kesi ya Karisoke inaonyesha lina kazi gani: maswali ya mshtakiwa ndiyo yanayoulazimisha ushahidi uonyeshe kama una mifupa.

Kuna pingamizi la kwanza hapa, nalo lina uzito. McGuire alikimbia, na asiye na kosa hukimbia nini? Alikaa Rwanda tangu Desemba hadi Julai 1986, miezi saba, akiendelea na utafiti katika kambi ileile. Aliondoka baada ya kudokezwa na ubalozi wa nchi yake kwamba angekamatwa, na shtaka likatangazwa mwezi Agosti. Marekani haikuwa na mkataba na Rwanda wa kubadilishana watuhumiwa, hivyo hakurudishwa. Kukimbia ni tendo linaloweza kuunga mkono ushahidi mwingine, na mahakama zetu hulipima hivyo. Peke yake halijengi hatia, kwa sababu mwenye hatia na mwenye hofu hutumia njia moja ya uwanja wa ndege. Na yaliyompata mshtakiwa mwenzake yanaonyesha kwamba hofu hiyo haikuwa ya kubuni.

Mshtakiwa huyo mwingine ni Emmanuel Rwelekana, Mnyarwanda, mfuatilia nyayo aliyewahi kuajiriwa Karisoke. Alikamatwa miongoni mwa wafanyakazi kadhaa wa kambi. Wenzake waliachiwa, yeye akashtakiwa pamoja na McGuire. Hakufika mbele ya hakimu. Alikufa gerezani, na taarifa ya serikali ikasema alijinyonga. Kwa hiyo katika kesi hii wafanyakazi wawili wa hifadhi walikufa, na kifo cha pili kilitokea mikononi mwa dola, ndani ya kuta zenye mlinzi na funguo, ambako uchunguzi ulikuwa rahisi mara kumi kuliko mlimani. Kifo cha kwanza kimeandikiwa vitabu, kikatengenezewa filamu na vipindi vya televisheni. Cha pili huchukua sentensi moja katika vitabu hivyohivyo. Kama tunatafuta mauaji au kifo kisicho na jibu cha mfanyakazi wa hifadhi, cha Rwelekana ndicho kinachopaswa kutusumbua kwanza, kwa kuwa hakikukosa jibu kwa sababu ya ukungu. Nchini kwetu Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 imeweka utaratibu wa kuchunguza vifo vya mashaka, vikiwemo vya watu walio kizuizini, na sababu ya utaratibu huo ni hii: mtuhumiwa anayekufa kabla ya kusikilizwa huondoka na hatia ambayo haikuthibitishwa, au na ushahidi ambao hautasikika tena, na hakuna anayejua kipi kati ya hivyo viwili.

Pingamizi la pili ni la umaskini. Watasema, Rwanda ya 1985 haikuwa na maabara, vipimo vya vinasaba havikuwapo, na si haki kuipima kambi ya mlimani kwa kipimo cha leo. Tulitazame jambo lililokuwa likiendelea Uingereza miaka ileile. Katika vijiji vya Leicestershire wasichana wawili wenye umri wa miaka 15 waliuawa, mmoja 1983 na mwingine 1986. Mwaka 1983 hakukuwa na mtu duniani aliyejua kumtambua mtu kwa vinasaba. Alec Jeffreys aligundua njia hiyo Leicester mwaka 1984. Lakini sampuli za 1983 zilikuwa zimehifadhiwa, zimeandikwa, zimefungwa. Zilipopimwa, la kwanza zililofanya ni kumwokoa kijana aliyekuwa amekiri kosa ambalo hakulifanya. Ndipo baadaye zikampata muuaji halisi, aliyehukumiwa Januari 1988. Sayansi iliyosuluhisha kesi ile haikuwapo siku ya mauaji, ila kielelezo kilikuwapo, kimewekwa kikiisubiri. Bahasha, kalamu, daftari na askari wa kusimama mlangoni havihitaji nchi tajiri. Nywele za Karisoke, pamoja na panga, bati na nguo, kama vingefungwa na kusainiwa Desemba 1985, vingeweza kusema katika miaka ya 1990, maabara zilipojifunza kusoma vinasaba hata katika unywele usio na mzizi.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote. Kama kweli wakubwa walihusika, jalada safi lingesaidia nini? Si lingechomwa tu? Na hata lisipochomwa, mauaji ya kimbari ya 1994 yaliivuruga nchi nzima, na Karisoke yenyewe iliharibiwa vitani. Pingamizi hili ni la kweli kwa nusu. Mpelelezi mdogo hawezi kumshinda mkuu wa mkoa kwa daftari. Ila anaweza kumfanya mkuu huyo alazimike kuharibu ushahidi, na kuharibu ushahidi ni tendo lenye mashahidi wake. Zaidi ya hayo, tawala hupita. Watu walioonekana kuwa juu ya sheria Rwanda mwaka 1985 walikuja kupanda kizimbani Arusha, kilomita mia kadhaa tu kutoka hapa. Wengine walitiwa hatiani na wengine waliachiwa, na katika kila shauri kilichoamua ni ubora wa ushahidi uliokuwa umesalia. Haki iliyocheleweshwa na wenye nguvu inaweza bado kufika ikiwa ipo karatasi ya kuipokea. Pasipo karatasi, hata utawala mwema utarithi uvumi mtupu.

Hapo ndipo jambo hili linapogusa hifadhi zetu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake wanne, namba 110 ya mwaka 2007, iliweka wazi kwamba mnyororo wa utunzaji wa kielelezo ni sharti uonekane kwa maandishi: nani alikikamata, nani alikipokea, kilikaa wapi, nani alikipima. Shauri lile lilihusu unyang'anyi, lakini kanuni yake hukumbukwa kila panapoletwa panga, bunduki au nguo yenye damu. Aidha, Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 ipo, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapima. Sheria na maabara tunazo. Tunachopungukiwa kiko saa chache za mwanzo, kabla polisi hawajafika kutoka mjini, wakati aliyepo ni mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mgambo au askari wa wanyamapori. Na hapo desturi zetu njema huingilia. Mtu akikutwa amekufa, utu unatutuma kumkusanyikia, kumfunika kwa kanga, kumfuta damu, kumlaza vizuri, kuokota panga lisimdhuru mtoto. Kila tendo kati ya hayo ni la huruma, na kila moja hufuta mstari wa habari. Huruma kubwa zaidi kwa marehemu ni kusimama mbali, kuzuia njia, kuandika majina ya kila aliyekwisha kuingia na saa aliyoingia, na kuacha panga lilale lilipo mpaka mpelelezi atakapofika. Mafunzo ya askari wa wanyamapori yanatilia mkazo silaha, doria na kumkamata jangili. Nusu siku ya kufundishwa kulinda eneo la tukio ingewafaa wao wenyewe, kwa kuwa katika kazi hii wao ndio huwa marehemu. Katika hifadhi ya Virunga, upande wa Kongo wa milima ileile aliyoipenda Fossey, zaidi ya askari 200 wameuawa katika historia yake.

Na hapa yapo mazoea yanayopaswa kuachwa. Mfanyakazi wa hifadhi akiuawa, taarifa ya kwanza karibu kila mahali husema ni majangili. Mara nyingi ni kweli. Lakini kauli hiyo, ikitolewa kabla ya eneo kuchunguzwa, hufanya kazi ileile iliyofanywa na orodha ya maadui wa Fossey: hutoa jina la kundi, hutuliza watu, na kumruhusu mpelelezi aanze na mtu badala ya kuanza na kitu. Muuaji ambaye si jangili hana zawadi kubwa kuliko hiyo. Na jangili ambaye si muuaji hupokea kipigo, rumande au risasi kwa kosa la mwingine, kijiji kizima kikaingia katika uadui mpya na hifadhi. Uhifadhi unaolindwa kwa dhana hujizalishia maadui, kama Fossey mwenyewe alivyojizalishia. Gorila aliowapigania wameongezeka kutoka takriban 250 katika milima ya Virunga mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi 604 katika hesabu iliyotangazwa mwaka 2018, na ongezeko hilo limeletwa na doria pamoja na utalii aliokuwa akiupinga, ukiwamo mgawo wa mapato kwa vijiji. Wanyama walinusurika kwa kuwa baadaye watu waliendelea kuhesabu, kuandika na kurudi kuangalia kila siku. Nidhamu hiyohiyo haikupewa kifo cha aliyeianzisha.

Rwanda ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, kwa hiyo hukumu ya 1986 haiwezi tena kumuua mtu. Bado inaua swali, maana mradi imesimama, hakuna ofisi yenye wajibu wa kuuliza upya. Hatua ya haki ingekuwa kuitengua hukumu hiyo, bila kumtangaza McGuire kuwa safi wala mchafu, kutafuta Kigali na Paris kama kuna kielelezo chochote kilichobaki, na kulifungua pamoja nalo jalada la kifo cha Rwelekana. Yumkini hakitapatikana kitu. Hata hivyo tamko kwamba muuaji hajulikani lina ukweli ndani yake kuliko jina lililopatikana kwa kukisia, na lina faida moja ya kisheria: linaliacha jalada wazi. Jeshi la polisi, hifadhi na mahakama za nchi yoyote zinapaswa kuvumilia aibu ya jalada lililo wazi kuliko kujipatia raha ya jalada lililofungwa kwa mtu ambaye ushahidi haukumfikia.